Mwaka wa Ugenini na Kazi ya Nyumbani

  

Ndugu zetu, katika darsa ya mwezi uliopita tuliulizwa suala na mzazi mmoja wa hapa kwetu Mombasa. Kijana wake amepata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja katika shule ya ng'ambo, akae katika nyumba ya watu asiowajua wala si wa dini yake, kisha arudi. Je, amruhusu? Tulimwomba atupe muda, kwani suala kama hilo tuliwahi kuulizwa miaka saba nyuma, tukajibu kwa haraka, na jibu letu lile limetukaa kooni. Leo tunajibu kwa utulivu, na tutaanza mbali kidogo, huko Nairobi, mahali paitwapo Dagoretti Corner.

Asiyepajua na afahamu kuwa ni pale ambapo Naivasha Road inachipuka kutoka Ngong Road, upande wa magharibi wa mji. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya idara ya serikali ya hali ya hewa. Ukiifuata Naivasha Road utaingia Kawangware, na upande wa pili wa Ngong Road, si mbali sana, iko Kibera, ambako Wanubi, askari wa Kiislamu wenye asili ya Sudan, wamekaa na kizazi chao tangu mwanzo wa karne iliyopita. Wala jina la Dagoretti si geni kwa pwani. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alijenga boma katika nchi hiyo, na misafara ya kwenda Uganda iliyopita huko ilibebwa kwa vichwa vya wapagazi, wengi wao watu wa kwetu. (Boma lenyewe halikudumu, na habari ya Waiyaki wa Hinga na Waingereza ni habari ya huzuni ambayo si mahali pake hapa.)

Tulikwenda huko kwa maziko. Ndugu yetu wa nasaba alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, na kabla ya Alasiri alikuwa amekwisha kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Watu waliacha maduka na matatu zao wakaja kuchimba kaburi, na hapana hata mmoja aliyeuliza atalipwa nini. Tulilala kwa wafiwa. Asubuhi ya Jumamosi tuliamshwa na sauti za watoto nyuma ya nyumba, katika ile ploti, wakisoma kwa pamoja kama wasomavyo watoto wa chuoni, ila walikuwa wakisoma hesabu.

Tukatoka kuangalia. Palikuwa na chumba kilichokuwa stoo ya saruji, na ukuta wake mmoja umepakwa rangi nyeusi uwe ubao. Watoto kiasi cha thelathini wamekaa juu ya mikeka, na mbele yao amesimama binti wa miaka ishirini na mitatu hivi, amevaa buibui na mikono imejaa vumbi la chaki, akiandika kwa mkono wa kushoto. Tulipouliza tukaambiwa ni mtoto wa Mji wa Kale, wa hapa kwetu, ambaye siku za kazi huenda ofisini mjini, na kila Jumamosi huwafundisha watoto wa Kawangware ambao wazazi wao hawana uwezo wa kuwalipia masomo ya ziada. Somo lilipokwisha hakwenda kupumzika. Akawachukua wakubwa wao, wakatwaa majembe na mabeleshi, wakaenda kuzibua mtaro wa mbele ya nyumba, kwani masika yalikuwa yanakaribia. Tukasema moyoni: watabiri wa mvua ni majirani wa watu hawa, lakini mtaro hauzibuki kwa utabiri.

Aliporudi tukamwita. Akaja, akatusalimu kwa adabu, akaketi mbali kidogo. Tukamwuliza:

"Binti yetu, kazi hii unalipwa na nani?"

"Silipwi, Sheikh."

"Basi ni nani aliyekutuma?"

Akatabasamu, akasema: "Na yule mama aliyenipa chumba kwake miezi kumi, Sheikh, akinipikia na kunipeleka shule, yeye alilipwa na nani?"

Hapo ndipo tulipopata habari yake. Alipokuwa na miaka kumi na sita alichaguliwa, yeye na wenzake wachache, kwenda Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Alipelekwa katika mji mdogo wa katikati ya nchi ile, akapokewa na mke na mume, watu wa kanisa. Jioni ya kwanza yule mama aliondoa nyama ya nguruwe katika friji yake, kisha akauliza kibla kiko wapi. Hakuna aliyejua, basi wakatafuta dira wakakitafuta pamoja. Ramadhani ilipoingia, mama yule alikuwa akiamka naye usiku kumpashia daku. Si kwamba mambo yote yalikuwa asali. Shuleni yuko mwenzake aliyemwuliza mbele ya watu kama katika mkoba wake mna bomu, na usiku huo, akatwambia, alilia mpaka Alfajiri, akataka kurudi kwao.

Lakini jambo lililomshangaza zaidi lilikuwa Jumamosi. Kila wiki wenyeji wake walikwenda naye katika ghala la chakula cha maskini, wakapanga mikebe na mikate, wakawagawia wenye haja. "Mwanzo nilidhani wananitumikisha," akasema. "Nyumbani kwetu sikuwa nimewahi kufagia hata kibaraza. Kisha nikaona daktari wa mji ule anabeba maboksi, na anayempokea maboksi ni mfagizi wa shule yetu, na hapana anayewatazama." Mwaka ulipokwisha alitaka kuwalipa wenyeji wake. Hakuwa na kitu, nao hawakutaka kitu. Akarudi na deni lisilolipika kwa mwenyewe, akawa hana budi kulilipa kwa mwingine.

Ndugu, tumeitafakari sana kauli hiyo. Mtu anayehudumiwa kwao na mama yake haoni kuwa amefanyiwa jambo, kwani ni mama yake. Akiwa mgeni, hajui njia wala lugha ya mzaha ya watu, na kila chakula anachopewa anakijua kuwa ni hisani. Ugeni humfundisha kijana kwamba yeye ni mhitaji, na mwenye kujijua kuwa ni mhitaji huwaona wahitaji wenzake. Macho hayo haya, akirudi nayo, ndiyo yanayouona mtaro ulioziba ambao sisi tunauruka kila siku tukienda msikitini.

Sasa tueleze kidogo mpango uliompeleka, kwani wengi wanausema bila ya kuujua. Uliwekwa na Bunge la Marekani mwaka 2002, baada ya mambo ya tarehe 11 Septemba 2001, na unajulikana kwa majina ya maseneta wawili waliousimamia, Edward Kennedy na Richard Lugar. Uliwakusudia vijana wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Gharama hutoka serikalini, lakini wenye nyumba wanaowapokea hawapewi mshahara. Wa kwanza walisafiri mwaka 2003, na Kenya imo katika nchi zilizopeleka vijana, na miongoni mwao ni watoto wa pwani yetu. Hutakiwa wajitolee katika kazi za kheri huko waliko, na wakirudi wawafae watu wa kwao.

Jumuiya mojawapo iliyoshughulika na kuwapeleka vijana hawa ni ile iitwayo AFS, na asili yake inafaa kujulikana. Mwaka 1915, katika vita vikuu vya kwanza, Wamarekani waliokuwa Ufaransa walianza kuendesha magari ya kubeba majeruhi, kwa kujitolea, na nchi yao haijaingia vitani bado. Vita vya pili vilipokuja walirudi kazini, wakafika mpaka majangwa ya Misri na Libya. Vita vilipokwisha waliona kuwa kubeba waliovunjika hakutoshi, na kwamba bora ni kuwakutanisha watoto wa mataifa kabla hawajavunjana. Mwaka 1947 wakawachukua wanafunzi 52 wa nchi kumi. Basi shina la jambo hili si ofisi ya serikali. Ni madereva waliofanya kazi bila ya ujira.

Hatusemi kwamba serikali ile iliweka mpango wake kwa ajili ya uso wa Mungu. Mwaka ule ule wa 2003 vijana wa kwanza walipopanda ndege, majeshi yake yaliingia Iraq. Serikali ina maslaha yake, nayo ilitaka jina lake litajwe vizuri katika nyumba zetu. Hilo tunalijua, na kijana anayekwenda alijue. Lakini mama aliyeamka usiku kupasha daku ya mtoto wa Mji wa Kale hakumpeleka mtu yeyote Iraq, na uadilifu wa Kiislamu hautupi ruhusa ya kumnyima haki yake kwa makosa ya watawala wake. Mtume wetu (s.a.w.) aliporudi kutoka Taif, aliingia Makka kwa himaya ya Mut'im bin Adiyy, naye ni mshirikina. Baada ya vita vya Badri, Mut'im amekwisha kufa, Mtume alieleza kwamba lau angelikuwa hai akawaombea mateka wale, angelimwachia wote. Imo katika Bukhari. Yeye hakuisahau hisani, seuze sisi.

Tuje sasa katika somo lenyewe. Watu wakitaja safari ya elimu hupenda kuleta ile hadithi ya kutafuta elimu hata Uchina. Wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha, na wengine wameiona kuwa ni ya uwongo, wala hatuna haja nayo, kwani iliyo sahihi tunayo. Mwenyezi Mungu katika Suratut Tawba, aya ya 122, ametaja kundi litokalo kwenda kutafuta ufahamu wa dini, na akataja na kazi yao: kuwaonya watu wao watakaporejea kwao. Aya imeshuka katika ufahamu wa dini, nasi hatuigeuzi ikawa ya skuli. Ila tunaona ndani yake kanuni ya kila safari ya kutafuta manufaa, nayo ni kwamba safari haikamiliki kwa kwenda. Kurejea kumetajwa ndani ya aya yenyewe.

Na mfano wake wa vitendo ni hadithi ya Malik bin al-Huwayrith, aliyoipokea Bukhari. Alikuja Madina na vijana wenziwe walio marika, wakakaa kwa Mtume siku ishirini. Malik anasimulia kwamba Mtume alikuwa mpole na mwenye huruma, na alipoona wamewatamani watu wao aliwauliza ni nani waliowaacha nyuma, kisha akawaamrisha warudi kwao, wakae nao na wawafundishe, na wasali kama walivyomwona yeye akisali. Tazama, ndugu msomaji, mambo yaliyomo. Vijana walipokewa ugenini na kuangaliwa hata nyoyo zao. Hawakuambiwa wakae Madina kwa kuwa Madina ni bora, na hapana shaka Madina ilikuwa bora. Wala hawakurudishwa mikono mitupu, bali kwa kazi waliyopewa waziwazi, ya kuwatumikia watu wao.

Nabii Musa (a.s.) naye alifika Madyan akiwa mkimbizi, mwenye njaa, hamjui mtu. Akawakuta wanawake wawili wanawazuia wanyama wao kando ya kisima kwa sababu ya msongamano wa wachunga. Hakusema mimi ni mgeni, haya hayanihusu. Akawanyweshea, kisha akajitenga kivulini akamwomba Mola wake, wala hakudai malipo. Malipo yalimfuata mwenyewe, kama ilivyoelezwa katika Suratul Qasas. Huko ni kujitolea, na kumo katika Kitabu chetu kabla ya kuwepo kwa jumuiya zote hizi. Basi aibu iliyotupata Dagoretti Corner ni hii: kwa nini mtoto wetu asafiri maelfu ya maili ajifunze kwa watu wa kanisa jambo ambalo anasoma khabari zake chuoni tangu ana miaka saba?

Jawabu, kwa maoni yetu, ni kwamba sisi tunalisoma wala hatulifanyi mbele yake. Tusidhulumiane, yako mambo tunayafanya. Maziko tuliyoyaeleza hapo juu ni kujitolea kusiko na mfano. Mfu wetu hakosi wa kumwosha, wala wa kumbeba, wala wa kumchimbia. Lakini tu hodari wa kuwatumikia maiti kuliko walio hai. Mjane wa marehemu akimaliza eda hujikuta peke yake na karo za watoto. Fedha nyingi hutumika kwa pilau ya hitma, na mara nyingine hukopwa, au hutolewa katika mali ya mayatima, wala hapana anayepita mtaani kuuliza ni mtoto gani hajui kusoma. Suratul Maun tunaisalisha kila siku kwa kuwa ni fupi. Ndani yake wamelaumiwa wanaosali nao wanazuia msaada mdogo, na wafasiri wengine wameueleza msaada huo kuwa ni kuazimana vitu vya nyumbani, chungu, ndoo na shoka. Mabeleshi ya Dagoretti Corner yameazimwa kwa jirani. Kuondoa kinachoudhi njiani kumehesabiwa katika hadithi sahihi kuwa ni tawi la imani, na sisi mitaro yetu twaingoja serikali ya kaunti.

Tena wako wanaorudi na moto huo, tukauzima sisi wenyewe. Tulihudhuria mkutano wa msikiti mmoja, hatutautaja, ambapo kijana aliyerudi kutoka mwaka wake wa ng'ambo alisimama akaomba vijana wapewe siku moja ya mwezi kusafisha mtaa. Mzee mmoja akamwambia: "Kaa kitako. Ulikwenda Ulaya kusomea uzoaji taka?" Watu wakacheka. Sisi tulikuwapo, hatukucheka, lakini pia hatukusema kitu. Kijana yule leo yuko Ghuba kwa kazi ya mshahara, wala hatujamsikia tena akiomba siku ya mwezi. Kwa upande mwingine, wako waliorudi na kusemea puani tu, na viatu vya mpira, na kuwabeza mama zao kwa kula kwa mkono. Hawa nao tumewaona, na watu huwatolea mfano kila suala hili likizuka. Lakini mfano wa asiyefaidika haubatilishi faida.

Pale Dagoretti Corner penyewe walikuwako wazee wawili waliomlalamikia binti yule kwetu, kwamba katika wanafunzi wake wengi si Waislamu, na chumba ni cha Mwislamu. Tuliwajibu kwa Suratul Mumtahina, aya ya 8, ambapo Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Mtoto wa miaka minane wa Kawangware amempiga vita nani? Mmoja wao alinyamaza. Wa pili hakuridhika, na tuliondoka hajaridhika.

Ama khofu ya wazazi, hatuidharau. Kijana asiyejua kusali wala kutofautisha halali na haramu, kumpeleka peke yake miezi kumi katika nyumba ya watu wasiosali ni kumtupa. Na kusafiri kwa mwanamke bila ya maharimu ni mas-ala yenye khitilafu. Wako waliozuia kwa dhahiri ya hadithi, na wako walioruhusu njia ikiwa ya amani na wenziwe wakiwa waaminifu. Mzazi na afuate kauli ya mwanachuoni anayemwamini, lakini isiwe fatwa yake imetoka katika maneno ya watu wa barazani.

Na hapa yatupasa tulieleze lile jibu letu la miaka saba nyuma. Mzazi mmoja alitujia. Binti yake alikuwa amefaulu mtihani na mahojiano, na karatasi za safari zilikuwa mikononi. Tukamwambia kwa neno moja: asiende. Hatukuuliza anakwenda kwa nani. Hatukumwita binti tukamsikiliza. Tulihesabu khofu zote, na nyingine zilikuwa za haki, wala hatumwombei radhi mtu kwa kuzitaja. Kosa letu ni kwamba tulimzuia safari tukamwacha bila ya kazi. Hatukumwambia: hapa nyumbani tuna watoto wasiojua kusoma, tuna wazee wasio na wa kuwapeleka hospitali, tumikia hawa. Tulimwambia akae, naye akakaa.

Yule wa Dagoretti Corner ni mwenziwe. Walisoma darasa moja, walichaguliwa siku moja. Alituuliza: "Sheikh, fulani hajambo? Anafanya nini siku hizi?" Tukanyamaza, kwani hatukuwa tunajua, na hatukuwa tumeuliza tangu siku ile.

Pwani hii haikuwa hivi. Sayyid Ahmad bin Sumait alisafiri katika miaka ya 1880 mpaka Istanbul na Misri, na aliyoyapata aliyarudisha Unguja, akayafundisha mpaka alipofariki mwaka 1925. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisafiri mpaka Makka na Hadhramaut, kisha nyumba yake ya Ukutani, Unguja, akaifanya madrasa, wanafunzi wakalala humo na kula humo. Kwa mabwana hao wawili ndiko Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa hapa Mombasa alikokwenda kusoma, akarudi, na mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi yake ya Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiwahimiza Waislamu wasilale wakati wengine wanakwenda. Wote hao walikaa katika nyumba za watu, na wote walirudi wakafanya kazi. Mwaka wa ugenini ni desturi yetu. Tuliloacha ni kufungua nyumba.

Tena milango ya ng'ambo si mali yetu. Serikali za watu huifungua na kuifunga kwa matakwa yao, na vijana wanaochaguliwa ni wachache kabisa katika maelfu. Je, wengine wasijifunze? Kutoka Mombasa mpaka Dagoretti Corner ni safari ya siku moja, na kwa mtoto wa Mji wa Kale, Kawangware ni ugeni wa kutosha. Hajui baridi ile ya Julai, hajui lugha ya mitaani ya kule, wala hajawahi kukaa katika nyumba ambayo maji hununuliwa kwa mtungi.

Basi tumjibu mzazi wetu. Mruhusu kijana wako, kwa mambo matatu. Ujue kwa hakika nyumba anayokwenda na watu wake, na uzungumze nao kwa mdomo wako. Awe ameshika sala zake, si kwa kukuogopa wewe. Na kabla ya kupanda ndege, mkubaliane naye ni kazi gani atakayoifanya akirudi, katika mtaa gani, pamoja na nani, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kumwazima beleshi.

Tuliporudi Mombasa tulikwenda kwa yule mzazi wa miaka saba nyuma. Binti yake ameolewa, ana watoto wawili, siku ile alikuwa kwa baba yake. Tukamwambia mbele ya babake kwamba tulimkosea, na tukamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mwenziwe bado huandika kwa mkono wa kushoto. Tukasema ndiyo. Akacheka, akaingia ndani kututilia chai.

Wana darsa wamekubaliana kuwa likizo ya Disemba watoto sita wa Dagoretti Corner na Kawangware watapokewa hapa mjini, na sita wa kwetu wapelekwe kule, wakae majumbani mwa watu na wafanye kazi za Jumamosi pamoja na binti yule. Wenye nyumba hawatalipwa. Chumba cha kwanza kimetolewa na mzazi huyo, na bintiye amesema ataanza naye darasa la Jumamosi katika kibaraza cha baba yake, asingoje Disemba. Vimebaki vyumba vitano. Majina yanapokelewa kila Jumatano baada ya sala ya Isha, mahali petu pa darsa.